Mshenga Asiyeuliza Ametumwa na Nani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mjini Morogoro, mchana kweupe. Shule yangu iliishia kidato cha pili, huenda kuna nisichokielewa, lakini chumvi sikuongeza.

Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji, nikifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kompyuta. Hospitali moja ya milimani, mbele ya Mkuyuni, ilitaka ndugu walioko mjini waje kwetu kuona hali ya wagonjwa wao. Ukurasa wa tovuti wa kuwaonyesha ulikaa kwenye seva yetu. Majina ya wagonjwa yalikaa kwenye hifadhidata ya kule hospitali. Ukurasa ukiomba majina, unakataliwa: wa nyumba moja haruhusiwi kuchota vya nyumba nyingine.

Mwenzangu Shabani akacheka. "Seva zako kama wakwe, hazisemezani. Tafuta mshenga, bwana."

Nikaandika programu ndogo, nikaiita hivyo hivyo, mshenga. Ukurasa unamtuma, anakwenda hospitali kwa jina la ofisi, anafunguliwa, anarudi na jibu. Ila hakuuliza ametumwa na nani. Kasoro hiyo niliiona, nikasema nitairekebisha kesho.

Juma lile dada yangu Fausta alikuwa amelazwa kule. Alijifungua, damu ikakataa kukatika.

Saa nane mchana, mvua inamwagika, akaingia mama mmoja amejitanda kaniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namtafuta Fausta. Kule mlangoni wananizuia kila siku. Mshenga wako hazuiwi."

Sikujiuliza kajuaje. "Wewe ni nani kwake?"

"Wa kwenu, mwanangu. Upande wa mama."

Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mgeni anayeulizia mgonjwa hutajishwa ukoo wake kwanza. Nilimwonea haya, mtu mzima, sikumtajisha. Nikaandika jina, mshenga akaenda, akarudi: wodi ya pili, kitanda cha saba.

"Sasa njia nimeijua," akasema, akatoka. Nikatazama sakafu. Mvua yote ile, hakuacha hata tone. Utaniamini?

Jioni ikaja simu: Fausta amefariki. Muuguzi alisema saa nane na nusu alimkuta mama wa kaniki ameketi kitanda cha saba, na mlango umefungwa. Alipomuuliza kaingiaje, alijibu, "Kaka yake kanielekeza." Kutoka mjini hadi kule, kwa matope yale, ni nusu siku.

Nisimwonee mtu. Daktari alishasema tangu asubuhi kwamba damu imemwisha. Labda walikuwa wanawake wawili. Lakini huyo wa pili angenitaja mimi kwa lipi?

Programu niliifuta, kazi nikaacha. Wewe unayesoma, usimpe mtu jina lako la kuingilia kabla hajakutajia la kwake.

Mama yangu sijamwambia. Anamshukuru yule mgeni kwa kukaa na mwanawe mwishoni, na amewaagiza wote nyumbani: siku akija, msimuulize kitu, mkaribisheni ndani.