Sahani Mbili za Mishkaki

Nina miezi mitatu tangu nihamishiwe kazi Lushoto, na bado sina mtu wa kula naye. Juzi kwenye tamasha la vyakula, mtu mzima mimi, niliona aibu kuketi peke yangu. Nikamdanganya mama mwenye gari la mishkaki kwamba namsubiri mwenzangu, nikaagiza sahani mbili.

Nilimaliza yangu, ya pili ikapoa. Mama akanihurumia, akaazima kipaza sauti cha mshereheshaji, akaja nacho mezani.

“Mwanangu, anaitwa nani tumwite?”

Nikamsogelea, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake.

“Hakuna mtu, mama,” nikanong'ona. “Niko peke yangu.”

Nikaisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika zote za uwanja.