Kibali Kilichokuja kwa Jina la Dama

Shangazi yangu Biasha alikuwa mkunga wa Munje, na kwa miaka mingi, palipohitajika mchango, yeye ndiye aliyeshika kikapu akapita mlango kwa mlango. Hakuombwa karatasi na mtu.

Mwaka wa sitini na nne wanawake walikubaliana kuchangia mabati ya chumba cha kujifungulia pale zahanati. Safari hii walitaka kusimama sokoni Msambweni. Chifu akawaeleza kwamba kuchangisha hadharani sharti kibali cha Bwana DC. Barua ifike Kwale wiki tatu kabla, itaje siku, mahali na jina la msimamizi. Makopo yafungwe kwa lakiri, na mtu asivuke mahali palipoandikwa.

Aliyejua kuandika ni mamangu Dama, wifi yake Biasha. Kibali kikarudi kwa jina la Dama.

"Wifi, wewe utashika kopo la pili," mama alimwambia.

"Inshallah," Biasha akajibu, roho ikimchoma.

Jumamosi ile mama alijifunga leso mpya, beji kifuani. Watu ambao Biasha aliwazalisha kwa mikono yake walimpita, wakaenda kutumbukiza kwa Dama. Mara gari la Shimoni likateremsha abiria ng'ambo ya barabara, na mama akawafuata na kopo lake. Hazikuzidi hatua ishirini. Biasha akaenda moja kwa moja kwa askari wa chifu.

"Mwanangu, kibali kinasema sokoni. Yule yuko wapi?"

Kibali kilichukuliwa, makopo yakafungiwa ofisini. Mama alilia njia nzima, na aliyemshika mkono ni Biasha.

Baada ya miezi miwili Biasha alipata kibali chake, barua akiandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Alisimama sokoni kutwa, na watu walitoa. Lakini wengi waliotia kitu walimwuliza, "Wifiyo hajambo? Mbona hatumwoni?"

"Hajambo. Ana kazi nyumbani."

Mabati yalipandishwa. Mimi nilizaliwa chini yake, Biasha akinipokea.

Haya alinisimulia mwenyewe, mama akiwa ameshafariki. Nilimwuliza kama aliwahi kumwomba radhi.

"Sikumwomba," alisema. "Hata siku uliyozaliwa nilikaa pale nikihesabu wanaomletea uji. Walikuwa wengi mno."