Nusu Kichwa

Mtaani kwetu Chanji, wanawake tulisukana nywele bure, leo wewe, kesho mimi. Baba wa mtoto wangu alipokimbilia Kasanga na kutuacha bila unga, niliandika bei ya kusuka kwa chaki mlangoni.

Jirani, mama mtu mzima, aliisoma akacheka, akakaa mkekani. Nilipofika utosini akasema, "Na mimi nitakusuka Jumapili. Tangu lini watu wakalipana kwa kusukana?"

"Shikamoo nimekupa, mama. Bei iko mlangoni. Mwanangu anakula uji, hali nywele."

"Basi kaa na mlango wako."

Nikaweka chanuo chini. Akajifunga kilemba, akaondoka na nusu kichwa.

Jumapili alirudi kabla ya misa, akanipa hela yote mkononi.

"Una roho ngumu wewe."

Nikamwambia ainamishe kichwa.