Rangi ya Gauni la Mama

Mjomba wangu ni kinyozi, lakini umuulize kazi yake atakwambia ni kukagua rangi. Nyuma ya saluni yake kuna chumba kisicho na dirisha, kimejaa makopo ya filamu za zamani, zile nyembamba zisizozidi upana wa kidole. Huzinunua popote anapozisikia. Hata friji la nyumbani limegawanywa: nyanya za mkewe chini, filamu juu, maana baridi huzuia rangi isichujuke. Mkewe alilalamika mpaka akachoka.

Kumwona akikagua ni kama kuangalia ugomvi. Hunusa kwanza, na filamu ikitoa harufu ya siki anairudisha papo hapo. Kisha huivuta mbele ya taa nyeupe akitafuta kitu ambacho rangi yake haina ubishi, kama mbingu au majani. Buluu ndiyo hutangulia kufa, hunieleza, na ikishakufa kila kitu kinaelekea kwenye pinki.

"Majani ya kahawia, mbingu pinki. Hii ni maiti," humwambia muuzaji, na hapo hasikii la mtu.

Filamu moja tu haikuwahi kukaa kwenye friji. Ni ile aliyoipiga mwenyewe siku dada yake alipoolewa, na dada huyo ndiye mama yangu. Alifariki nikiwa bado nanyonya. Simjui ila pale ukutani filamu inapowashwa, anacheka bila sauti ndani ya gauni la pinki. Mjomba aliniwekea kila nilipoomba, nami niliomba mno, kwa hiyo ikabaki rafuni kando ya projekta, kwenye joto, tayari wakati wowote. Baba hakuitazama hata siku moja. Taa ikizimwa, yeye hutoka nje. Nilimwona mtu mwenye moyo mgumu, na nilimkasirikia.

Nilipochumbiwa sikuhangaika kuchagua. Nilitaka rangi ile ile ya gauni la Mama, angalau siku hiyo tufanane. Fundi akanishonea la pinki, na wiki ya harusi nikalipeleka kwa Mjomba tulilinganishe na filamu. Baba alikuja kunichukua kabla hatujamaliza. Alifungua mlango, na kabla hajageuka akamwona mkewe ukutani.

"Mbona mmembadilishia gauni?" akauliza.

Nilidhani anatania, ila Baba si mtu wa utani. Mjomba akacheka, akamwambia amesahau tu, kamera aliishika Mjomba mwenyewe na gauni ndilo hilo.

"Lilikuwa buluu, shemeji. Nililinunua mimi."

Mjomba alizima projekta, akaitoa filamu na kuivuta mbele ya taa nyeupe, kama anavyozifanyia za watu. Nami nikachungulia. Nyuma ya Mama kuna mti. Nimeuona mti huo maisha yangu yote, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini majani yake ni ya kahawia. Mbingu juu yake ilikuwa pinki.

Mjomba aliishusha filamu.

"Nilikuwepo, mwanangu," akaniambia. "Lakini nikifumba macho naliona gauni likiwa pinki. Nimemtazama mpaka nimemsahau."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Gauni nililolikumbatia kifuani halikuwa la mtu yeyote.

Kesho yake tulikwenda duka la vitambaa, sote watatu. Baba alipita taratibu mbele ya majora ya buluu, mikono nyuma, kisha akasimama na kuligusa moja.

"Hili hapa."

Mjomba alilichukua, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua na kuligeuzageuza. Nilisubiri neno lake, kwani mambo ya rangi ni yake. Alirudi akamkabidhi Baba lile jora, bila kumtazama usoni.

"Mimi sijui, shemeji," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwulize baba yako, mwanangu."