Keki Iliyokaguliwa

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye duka la keki hapa Bariadi, nikisubiri mkate, alipoingia mama mmoja kuchukua keki ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa kaka yake. Mwokaji alikuwa ameiandaa mapema, akaivika fondanti, ile sukari laini inayotandikwa juu ya keki kama shuka, kisha akaigandisha. Alimkabidhi ikiwa ndani ya boksi lililofungwa, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Usifungue mpaka ubaridi uishe, mayu. Ikikutana na joto itatoka jasho.”

“Mwanangu, sisi hata ng'ombe wa mahari tunawakagua kabla ya kuwapokea,” alijibu, huku kucha yake ikibandua gundi.

Akafungua. Keki ilikuwa nyeupe kabisa, tukaisifu wote. Muda si mrefu matone yakaanza kuota juu yake. Mama akapitisha kidole kufuta moja, na kidole kikaacha alama.

Mwokaji hakugomba. Aliwasha feni, wakakaa wakiitazama kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Matone yakakauka, alama ikabaki.

“Niweke ua hapo?”

Mama alifikiri. “Iache. Akiuliza nani kaigusa, nitamwambia ni shangazi yake.”

Nikapokea mkate, nikatoka nikiwaza ni mangapi tunayafungua kabla ya wakati, si kwa kutoaminiana, bali kwa kupenda mno. Nilipofika barabarani nikagundua kwamba tangu dukani nilikuwa naubonyeza mkate wangu.