Turubai la Chama cha Kuzikana

Sakafu ya ukumbi wa parokia yetu, hapa Mbinga, ni ya saruji, na mtu akiangushwa juu ya saruji anavunjika. Kwa miezi yote ya maandalizi niliamka na wazo hilo. Wageni wangetoka Malawi na Msumbiji, wangevuka ziwa hadi Mbamba Bay, wangepandishwa milimani kwa basi dogo, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna hata mmoja anayerudi kwao na bega lililochomoka.

Mashindano yenyewe hayakuwa makubwa kama jina lake. Klabu chache za pande tatu za ziwa zilikuwa zimekubaliana kukutana kila mwaka kwa zamu, kwa mpira wa meza, sataranji, vishale, karate na judo. Kwenye bango tuliandika "ya kimataifa", na vijana wa stendi wakatucheka, wakauliza kama Wajapani nao watalala kwa baba paroko. Lakini nchi tatu ni nchi tatu. Sisi ndio tuliopewa zamu ya kwanza. Kiongozi wa wageni, mwalimu wa judo kutoka ng'ambo, aliniambia waziwazi kwenye simu kwamba Mbinga ikishindwa kumaliza, zamu yake isitegemee kurudi.

Sikufundishwa judo na mtu. Nilijifunza kwa video za simu, juu ya kilima nyuma ya shamba letu la kahawa, ambako mtandao unashika, nikirudia kipande kilekile mpaka bando linaisha. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa gunia la mahindi. Mtu aliyejifunza hivyo haachi kuogopa kwamba kuna jambo la msingi ambalo wote wanalijua isipokuwa yeye. Kwa hiyo napima. Nilipima eneo la mchezo kwa futi kamba ya fundi mwashi, nikaenda kulala, asubuhi nikarudi kulipima tena. Mama yangu, Mnyasa wa Liuli aliyeolewa huku kwa Wamatengo, alisema nitaupima ukumbi mpaka upungue.

Mikeka ya judo hatukuwa nayo. Tulikuwa na makapi ya kahawa, yale maganda makavu yanayobaki kahawa ikishakobolewa. Tulijaza magunia, tukayapanga sakafuni, tukayazungushia mbao ili yasitawanyike. Juu yake lilihitajika turubai moja zito na pana, la kuvutwa pande zote mpaka likaze. Sasa, mwezi wa saba huku ni msimu wa kahawa. Kila turubai mjini lilikuwa uani, limeanikiwa kahawa, na hakuna mwenye akili atakayemwaga kahawa yake chini ili watu waangushane. Lilibaki moja tu, la chama cha kuzikana cha mtaa wetu.

Katika chama hicho kila nyumba inachanga kidogo kidogo, na siku ya msiba sufuria, mabenchi na turubai vinafika kwako kabla hujaviulizia. Mwenyekiti ni mama mwenye umri wa bibi yangu, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Aliuliza mashindano yatachukua muda gani. Nikasema Ijumaa hadi Jumapili. Akatazama miguu yake, kisha akasema nilichukue, ila likitokea la kutokea, najua mwenyewe.

Nilijua. Nilikuwa na akiba ya kila kitu, mipira, filimbi, betri, hata sindano na uzi wa kushonea suti za judo zikichanika. Turubai peke yake ndilo sikuliwekea akiba. Katika kikao cha kamati nilianza kuuliza tutafanyaje likihitajika, na kabla sijafika mwisho wa swali mzee mmoja aliinua kiganja.

"Binti, unamzungumzia nani?"

Watu wakainamisha vichwa. Kwetu swali kama lile ni kuchuria. Ni sawa na kumchagua jirani na kumpangia afe wikiendi hii. Nikaomba radhi, tukaendelea na suala la chai na vitafunwa. Hivyo mpango wetu wote ukasimama juu ya jambo moja, kwamba hakuna atakayefariki mtaani kwetu kwa siku hizo, na jambo hilo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka.

Wageni walifika Alhamisi jioni wakitetemeka. Watu wa ziwani hawaijui baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba. Walishuka garini wamevaa suti zao nyeupe za judo juu ya masweta, na watoto wa barabarani wakasema waganga wamekuja. Mama yangu ndiye aliyewapikia. Kinyasa chake na lugha yao vinasikilizana, na samaki aina ya mbasa alioagiza kutoka Liuli waliwafanya wacheke kwa mara ya kwanza. Dada mmoja kati yao, mchezaji wa judo, alimwambia mama kwamba hajawahi kutoka nchini kwake. Baba yake alimkatalia safari, akamkatalia tena, kisha siku ya kuondoka akamsindikiza mwenyewe hadi ufukweni.

Ijumaa ilikwenda vizuri, vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Mpira wa meza ulichezwa kwa kufuata saa. Vishale vilikusanya watu wengi. Mzee wa nyumba ya pili kutoka ukumbini alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, akaniuliza vishale vidogo vile vinaua mnyama gani. Nilimjibu kwa haraka, nikakimbilia kwingine.

Jumamosi ilikuwa ya judo. Turubai lilikuwa limekaza vizuri, na mipaka ya uwanja nilikuwa nimeibandika kwa utepe mwekundu wa gundi. Watu waliangushwa, wakainuka, wakainamiana. Kila mgongo ulipogonga turubai nilishika pumzi, na kila aliyeinuka nikaiachia. Mchana tulifika fainali ya wasichana, binti wa klabu yetu dhidi ya yule dada wa ng'ambo. Walikuwa wameshasimama katikati, wanasubiri ishara ya mwamuzi, wakati mlango wa pembeni ulipofunguliwa.

Waliingia wanawake wachache, kanga zimefungwa kiunoni, mwenyekiti mbele. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi ya kuwataka watu wavue viatu. Wakavua. Wakazipanga ndala zao kwa mstari, wakaketi chini kando ya ukuta, wakanyoosha miguu. Ukumbi mzima ukanyamaza upande mmoja baada ya mwingine, kadiri macho yalivyowafikia. Wenyeji wote walielewa. Wageni ndio waliobaki wakitazamana.

Nikamwendea mwenyekiti, nikapiga goti. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mzee wa nyumba ya pili ametutoka, muda si mrefu.

Najua ninachotarajiwa kuandika hapa. Nilihuzunika, ndiyo, lakini baadaye. Kwanza nililitazama turubai, kama mtu anavyomtazama ndugu anayefuatwa kukamatwa. Nikasema, "Mama, imebaki fainali hii. Ni dakika chache tu."

"Mwanangu, mimi sijasema kitu. Tumekaa tu."

Mama aliyekuwa kando yake alijifunga kanga upya. "Mjane yuko chini, nje, na upepo huu. Lakini nyie angushaneni. Sisi tutangoja."

Mama yangu alikuwa ametoka jikoni, mikono bado ina maji. Alikwenda kwa mwalimu wa wageni na kumweleza kwa Kinyasa. Nilimwona mwalimu akitikisa kichwa taratibu. Nilimfuata, na nikiri kwamba nilimfuata nikiwa na tumaini. Nilitaka aamue yeye. Nilitaka aseme kwamba sheria haziruhusu fainali kukatishwa, nami nigeuke kwa akina mama nikiwa na mgeni wa kumsingizia.

"Mwenyeji ni wewe," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sisi kwetu pia tunazika."

"Na zamu?"

"Zamu ni jambo lingine. Kutomaliza ni kutomaliza."

Nilipanda katikati ya uwanja. Nikasema judo imesimama, kuna msiba. Mtu mmoja nyuma, kijana wa stendi, akauliza imesimama mpaka saa ngapi. Nikarudia kwamba imesimama.

Wale mabinti wawili ndio waliokuwa juu ya turubai, kwa hiyo wao ndio walioinama wa kwanza kulifungua, kila mmoja kwenye pembe yake. Wengine wakafuata. Vumbi la makapi likapanda, watu wakakohoa. Yule dada wa ng'ambo alipofika kwa mwenyekiti na pembe yake ya turubai mkononi alisema "pepani", yaani pole, na mwenyekiti akamjibu "asante, mama", akamshika kiganja, wakatembea hivyo hadi nje. Nilibaki na magunia yangu. Karate ilikuwa ya jioni na ya kesho yake, lakini hakuna hata aliyeuliza. Wapishi wetu walikuwa wapishi wa msiba, mabenchi yetu yalikuwa mabenchi ya msiba, na mashabiki wetu walikuwa wameshashika njia kwenda huko.

Jioni nilikaa matangani. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye miti, na kwa kuwa hakuna aliyebandua utepe wangu, uwanja wa judo ulikuwa juu ya vichwa vyetu, mraba mwekundu uliopinduliwa, na mjane ameketi chini yake karibu na katikati. Watu waliimba. Mimi niligundua kwamba pembe moja ya mraba ilikuwa imepinda. Kidogo tu, upana wa vidole viwili. Wageni walikuwa wameshindana siku nzima ndani ya mraba uliopinda. Nilijisikia joto usoni, nikaanza kukumbuka ni pambano gani lilifika pembe ile, na kama kuna mtu aliyehesabiwa ametoka nje kumbe yuko ndani. Mjane akalia tena, kilio kifupi cha mtu aliyekwishachoka, ndipo nikashusha macho. Nikakumbuka swali la vishale, na jinsi nilivyomjibu mzee yule nikiwa tayari nimeshamgeuzia mgongo. Hapo nililia. Wanawake walionizunguka walidhani tangu mwanzo nilikuwa nikimwaza marehemu, wakanisogezea kanga. Sikuwaeleza.

Jumapili tulizika. Wageni walikuja wote, katika suti zao nyeupe kwa sababu ya baridi, mikanda wameiacha hosteli ya parokia. Wanaume wao waliingia kwenye foleni ya majembe kama wenyeji. Hakuna aliyewaita waganga.

Jumatatu asubuhi tuliwasindikiza hadi Mbamba Bay, mimi, mama, na yule binti wa klabu yetu. Huko chini kulikuwa na joto, watu wakavua masweta. Boti ilikuwa bado inapakiwa. Binti wetu alitazama mchanga, akavua viatu, akaukanyaga kama anaujaribu.

"Dada," akaniambia, "hapa ni laini kuliko makapi yako. Tumalizane."

Yule wa ng'ambo alielewa bila kutafsiriwa. Akaweka begi lake chini. Mwamuzi alikuwepo, mwalimu alikuwepo. Ilikuwa dakika chache tu, zilezile nilizoziomba Jumamosi, na sasa hakuna aliyekaa ukutani akizingoja. Mwalimu akanitazama.

Nilikagua mchanga. Ulikuwa unateremka kuelekea majini, na nyuma yetu kulikuwa na mawe. Nilifikiria pia turubai lililokuwa bado limefungwa kule juu, na mjane chini yake, na mtaa wangu ambao ningerudi kuuangalia machoni mchana huohuo. Nikasema hapana. Mpaka leo sijui kama nilikataa kwa ajili ya mjane, au kwa sababu mchanga haukuwa sawasawa nami sikuwa na futi kamba. Nimejichunguza sana na sipati jibu ninaloliamini.

Binti wetu alivaa viatu vyake bila kunitazama. Yule dada alichukua begi, akamkumbatia mama yangu, akamkumbatia mpinzani wake, kisha akasimama mbele yangu, akainama kama tunavyoinama uwanjani. Nami nikainama. Hakutabasamu, na sikumdai tabasamu. Alikuwa amevuka ziwa zima kwa pambano moja.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kupanda. Alisema mwaka ujao ni zamu ya Msumbiji, tutaarifiwa. Kuhusu Mbinga hakuahidi kitu. Kisha akaniuliza, akiwa mguu mmoja majini, wale wa nyumbani wakitaka kujua nani alishinda judo ya wasichana, awaambie nini.

Nilikuwa na majibu mengi, nimeyapanga usiku kucha: kulitokea dharura, ratiba ilibadilika, matokeo yatafuata.

"Waambie hatukumaliza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akapanda. Boti ilisukumwa. Mama alipunga mkono muda mrefu, binti wetu naye akapunga mwishoni. Mimi nilisimama nikiwahesabu wageni ndani ya boti, mabega yao, mikono yao, wote wazima, kisha nikawahesabu tena.