Saladi Isiyofungwa kwa Plastiki

Siku yangu ya kwanza kazini, patron, mwenye mgahawa mmoja mtaani Rohero, alinitupia rola ya plastiki nyembamba, ile ya kufungia chakula. "We kijana wa Buyenzi, funga kila kitu. Mboga isipumue." Shule niliiacha mapema, lakini mikono ninayo. Nikafunga saladi ya majani, karoti, persili, mpaka frigo nzima ikang'aa. Nikapewa cheo cha mtunza mboga, na funguo za frigo.

Miaka ikaenda, patron akaondoka, akaja Madamu, msimamizi mpya. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, yeye hakutaka ujanja. "Mzee, plastiki yote itoke jikoni. Jumamosi tuna arusi. Saladi ikifika mezani imenyauka, wewe unarudi kuosha sahani."

Kuosha sahani! Mimi, mwenye funguo!

Shefu wa jikoni, mtu wa mdomo, alinicheka. "Baba Zuhura, sasa utafunga na nini? Na kitenge cha mama Zuhura?"

"Cha mke wako ni kipana zaidi. Kilete."

Nikaenda Buterere, pembeni ya mji, kwa mama anayetulimia saladi. Yeye huikata na kuiosha ili ipendeze. Nikamwambia, "Mama, usikate, usioshe. Ng'oa na mizizi yake." Maji yakikaa juu ya majani ndiyo yanayoozesha. Kikapu nikakitandika majani ya mgomba, na jani la mgomba lazima ulipitishe kwanza juu ya makaa lilainike, la sivyo linapasuka. Jikoni, mizizi nikaitia kwenye beseni za maji, juu nikafunika kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Karoti nikazizika kwenye mchanga. Ndizi mbivu nikazifukuza kabisa, maana zikikaa karibu, majani yanageuka manjano.

Shefu hakuniamini. Alichukua nusu ya saladi, akaikata, akaiosha, akaifunga kwa plastiki aliyokuwa ameificha, akaitia kwenye frigo. Ijumaa umeme ukakatika. Frigo ikalala imezima mpaka asubuhi.

Jumamosi akafungua yake: imetoa jasho, inateleza kama kambare. Akanijia polepole.

"Baba Zuhura... yako je?"

"Imesimama kama askari."

"Itatosha watu wote?"

"Apana. Lakini lete nyanya, kwangua karoti, tupange pamoja."

Tukapanga. Sahani zilirudi tupu. Madamu akapita, akazitazama, akasema tu, "Funguo kaa nazo."

Nilikaa nazo mpaka nilipostaafu. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa mengi kuhusu usafi na vifungashio. Mi nawaambia mboga ni kitu hai, kinataka hewa na unyevu wa kiasi, basi. Hayo sikuyasoma popote, na jikoni mle mpaka leo wanaweka mboga kwa njia yangu.

Siku ya kuniaga, Shefu alinipa zawadi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Wenzangu wakapiga kelele, "Fungua basi, mzee!" Wasubiri. Kwanza nililigeuza lile jani, nikalikagua pembe zote.

Halikupasuka hata mahali pamoja.